Daktari wa Mishipa Midogo

Achille aliviona viatu kabla hajamwona mwenyewe. Vyeusi, vya ngozi ya kweli, vinang'aa, vinapita katikati ya mtaa wa Murara mwaka ule volkano ilipomeza nusu ya Goma, waasi wakitawala nusu iliyobaki, na watu wazima wakitembea na kandambili za rangi mbili. Ndani ya viatu alikuwemo Muzee Barthélemy, mfanyabiashara ambaye siku ya moto aliokoa viatu kwanza, mke baadaye.

Achille akamalizia Fanta yake, maana siku hizo kiu haikumwisha, akavaa koti lake jeupe la udaktari na kumfuata.

"Muzee, pardon. Nionyeshe kidole." Akaufinya ukucha. "Unaona? Imekuwa nyeupe."

"Si weye njo umefinya?"

"Njo vile! Damu imekimbia. Ni maladi ya mishipa midogo, ile ya mwisho kabisa, myembamba kama unywele. Inajifunga polepole. Kisha mutu anakatwa muguu."

Hakusema kwamba kila ukucha duniani hufanya hivyo ukifinywa, wala kwamba wa Muzee ulikuwa umesharudi mwekundu. Daktari mwema hamchoshi mgonjwa kwa maelezo.

"Dawa iko?"

"Iko. Ni poudre, unga wa dawa, tunapaka ndani ya viatu. Lakini inataka ngozi ya kweli, plastiki inakataa. Kesho ukivaa, mishipa inafunguka."

Muzee aliwaza kidogo. "Na mutu mwingine akivaa?"

"Anapona naye."

"Atanilipa?"

"Viatu ni ya nani, Muzee?"

Muzee alivivua bila hata kufungua kamba.

Kwenye kona ya kwanza Achille akavivaa. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari waasi, naye aliijua sheria yao: anayebeba viatu ni mwizi, anayevivaa ni mwenyewe. Vilikuwa vidogo kwake, ila havikumbana hata kidogo. Akamsifu fundi. Akakatiza juu ya lava kuelekea mtaa wa Mapendo, akasimama kwa Mama Sidonie, aliyekuwa anapika maharagwe juu ya ufa wa jiwe, kwa moto wa bure ulioachwa na volkano.

"Mama, nipe Fanta."

"Papa, kuko kitu inaungua."

"Ni maharagi yako."

"Maharagi haina soli! Ni muguu yako!"

Kweli, moshi ulikuwa unatoka chini ya kiatu. Hapo hapo Muzee akatokea mbio, maana alikuwa amekumbuka kwamba hakumuuliza daktari jina. Alikuwa peku juu ya lava ya moto, na kila hatua aliruka. "Aï! Mama yangu! Aï!"

Watu walicheka hadi machozi. Achille naye alicheka, kisha akatazama miguu yake. Aliyemwita mgonjwa alikuwa anaruka. Yeye daktari alikuwa amesimama juu ya ufa, ametulia.

Akavua kiatu. Kisigino kilikuwa kimevimba lengelenge, na hakusikia kitu. Akaufinya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ukawa mweupe. Akangoja. Ukabaki mweupe. Marehemu mama yake, mwenye maladi ya sukari, alianza hivyo hivyo, kwa kiu, na alizikwa na mguu mmoja. Achille aliogopa sana.

"Muzee, miye njo mugonjwa! Munipeleke hospitali! Ni mishipa midogo!"

Kicheko kikazidi. Ulikuwa ukweli wake wa kwanza katika mji huo, na hakupata mnunuzi.

Mama Sidonie tu ndiye aliyeinama, akaufinya ukucha mwenyewe, akatazama. "Huyu hadanganyi watu leo. Mulete chukudu!"

"Ngoja," Muzee alisema. "Amevaa viatu yangu ya dawa. Atalipa na nini?" Akamvua koti jeupe.

Achille alipakiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya magunia mawili ya makaa, mguu juu. Walipoanza kumsukuma kwenda hospitali, aligeuka kutazama nyuma. Askari mmoja wa kizuizini alikuwa amekuja kuuliza watu wanacheka nini, na alikuwa na buti mpya kabisa, za ngozi. Muzee alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

"Afande, pardon. Nionyeshe kidole."