Saa Ishirini za Kabichi

Bi Ok Bun-rye alikuwa na kabichi elfu tatu shambani. Redio ilisema baridi ya kugandisha itashuka Alhamisi usiku, na hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi. Kabichi ikiganda inalainika kama kitambaa cha kudekia, na mwaka mzima umekwenda na maji. Vibarua wote wa wilaya walikuwa wameshachukuliwa na wenye matufaha. Mwanamke mwingine angekaa chini akalia. Yeye alijipaka rangi ya mdomo, akapanda basi la kwenda mjini Goesan kutafuta wajinga.

Aliwakuta mkahawani, ng'ambo ya kituo cha mabasi, na hawakumchosha hata kuwatafuta. Walikuwa tisa, wastaafu kutoka Seoul, kila mmoja na buti jipya ambalo halijaonja tope. Walinunua viwanja kijijini kwake tangu majira ya kuchipua, wakapanda hiki na kile, magugu yakawashinda. Sasa walikuwa wameinamia simu zao kama watu walio msibani.

Kwenye simu sauti ya upole ilisema, "Somo la tatu: kupanga bei ya mazao ya shamba dogo." Kisha ikauliza, "Je, bado upo? Gusa hapa."

"Nipo, mama yangu, nipo!" alifoka Bwana Tak, mtu wa kitambi aliyekuwa meneja wa tawi la benki. Akagusa. "Kila dakika kumi inaniuliza kama nimekufa. Saa mia nzima za hivi! Bure ni bure, lakini bure hii itanitoa roho."

Bun-rye akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Saa mia za nini, Bwana Meneja?"

"Masomo ya biashara ya shamba dogo, Shangazi. Yako mtandaoni, hulipi hata senti. Ukimaliza unapata cheti, ukipata cheti unapata mkopo wa wakulima wapya wenye riba kiduchu. Usipomaliza, unabaki na buti."

Bun-rye akanywa kahawa ya Bwana Tak, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, huzuni ya mtu anayeona mwenziwe akipanda mlima kwa magoti ilhali ngazi ipo.

"Hawajawaambia habari ya vitendo?"

Vichwa vinane vikainuka.

"Vitendo gani?"

"Aa, basi. Pengine ni siri ya sisi wenyeji." Akajifanya anataka kuondoka. Bwana Tak akamshika mkono wa sweta.

"Shangazi, kaa! Muagizieni Shangazi keki!"

Keki ya maharage mekundu ilipofika, siri ikatoka nayo. Siku moja ndani ya shamba la mkulima mwenye miaka hamsini kazini, alisema Bun-rye, ni sawa na saa ishirini za simu. Mkulima anakugongea muhuri wake, mwekundu, kwenye karatasi. Hakuna sauti ya kukuuliza kama upo. Mgongo wenyewe utakwambia upo.

"Mkulima huyo tutampata wapi?"

"Ndilo tatizo," alisema Bun-rye, akilamba kidole. "Mimi nafasi zangu ni nane tu."

"Tuko tisa!"

"Nitajibana."

Tuseme ukweli mbele ya Mungu: hakusema uongo wowote isipokuwa huo wote.

Kati ya tisa hao alikuwepo mmoja ambaye hakuinua kichwa. Bi Cha Yeon-suk, mwembamba, mpole, aliwahi kuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni za chini ya ardhi kwa miaka thelathini. Aliendelea kusikiliza somo lake kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa Bun-rye.

Jumatano wakashuka shambani. Ulikuwa muziki! Bwana Tak alikata kabichi ya kwanza akaibeba kama mtoto mchanga.

"Shangazi, hii ni saa ngapi?"

"Hiyo ni robo saa. Ikate vizuri, ukiacha majani nje nakupunguzia dakika."

"Jamani, harakisheni, mnanichelewesha cheti!" Bwana Tak akawapigia kelele wenziwe.

Walikata, wakabeba, wakapakia lori. Bun-rye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, blanketi magotini, akitoa mafunzo: "Piga goti! Kisu chini! Hapo ndipo biashara ilipo!" Moyoni alikuwa hana mbavu. Bi Cha alikata kimyakimya, kifaa cha kusikilizia kiko sikioni, na mara kwa mara alitoa simu akaigusa, kuiambia kwamba bado yupo.

Alhamisi alasiri kabichi ya mwisho ikapanda lori. Baridi ilikuwa inashuka mlimani mikono mitupu. Bun-rye alitaka kucheza ngoma palepale. Wanafunzi wakapanga foleni, karatasi mikononi, naye akatoa muhuri wake, akaupulizia pumzi.

Ndipo alipoingia mwenyekiti wa kijiji, Bwana Bong, anahema.

"Bi Cha kanipigia simu nije. Kuna nini?"

"Jambo dogo tu, Mwenyekiti," alisema Bi Cha kwa sauti ya mtu anayeomba tiketi. "Muhuri wa Shangazi hapa una thamani ya saa ngapi?"

Bwana Bong akautazama. "Huo? Huo si wa kupokelea vifurushi vya posta?"

Bwana Tak, mgongo umepinda kama mundu, akanguruma: "Tumeingizwa mkenge!"

"Bi Bun-rye," alisema mwenyekiti, uso umempauka, "umewatumikisha watu tisa siku mbili bila ujira? Maofisa wa kazi wakisikia, kijiji kizima kitaaibika!"

Bun-rye aliona lori lake likiyeyuka mbele ya macho. Ulimi wake haujawahi kumwangusha, akauachia ukimbie.

"Ujira? Nani kataja ujira? Hawa ni majirani zangu! Hii ni pumasi! Leo wewe kwangu, kesho mimi kwako, kama walivyofanya mama zetu. Muhuri ulikuwa utani, jamani, mtu hawezi kutania?"

"Pumasi!" Bwana Bong akashusha pumzi. "Ungesema mapema." Akaenda mbio kwenye kipaza sauti cha kijiji, na kabla Bun-rye hajafumba mdomo, spika zote za nguzoni zilitangaza kwamba Bi Ok Bun-rye amefanya pumasi na majirani tisa. Ikishatangazwa hivyo, ndugu yangu, ni afadhali uibe ng'ombe kuliko kuikana.

Bi Cha akafungua daftari.

"Watu tisa, siku mbili. Shangazi, unatudai— samahani, tunakudai siku kumi na nane."

"Nina miaka sabini na moja!"

"Somo la kumi na nne limeliona hilo. Mzee hurudisha kwa ujuzi wake, si kwa mgongo. Na pumasi hudaiwa mbele ya shahidi." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kimchi yetu ya mwaka jana, kabichi yote ile tuliyoichachusha kwa pilipili, ilioza. Utatutengenezea ya mwaka huu, nyumba zote tisa."

"Wewe mwanamke, ulijua tangu mkahawani?"

"Nilijua."

"Na ukakata kabichi siku mbili?"

"Nilikuwa naweka akiba."

Hivyo ndivyo Bun-rye alivyojikuta juma lililofuata uani kwa Bi Cha, mikono myekundu kwa pilipili hadi viwikoni, mbele ya mlima wa kabichi. Alijaribu kupunja vitunguu saumu. Bi Cha akavihesabu. Alijaribu kusingizia kiuno kuuma. Bwana Tak akamletea kiti. Wote tisa walikaa wakimtazama mkono, wakiuliza chumvi kiasi gani, kwa nini sasa, kwa nini hivyo, naye akaona, kwa hasira, kwamba anawafundisha kweli.

"Nisikilizeni nyinyi majambazi wa mjini," alianza, akinyoosha kidole chekundu, "siku nitakapo—"

Bi Cha akafunga kipande cha nyama ya nguruwe ya moto ndani ya jani la kimchi mbichi, akakisukuma chote kinywani mwake. Kilikuwa kitamu kupita kiasi. Bun-rye akatafuna, machozi ya pilipili yakimtoka, na akajongeza kinywa kuomba kingine.