Bafu Lisilo na Moshi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kashojwa.
Kamati ya bafu la umma imenikabidhi funguo! Wiki ya majaribio. Nikifaulu, bafu ni langu. Nikishindwa, narudi kulimia watu maharage Rubondo, na mgongo wangu hautaki. Nyuma ya bafu kuna mashine kubwa kutoka Mbarara: inavuta joto kwenye maziwa ya ushirika, maziwa yanapoa, joto linapika maji ya tanki letu. Shamirah, fundi wake, kanikataza kuigusa. Ati inafanya kazi mchana tu, umeme wa jua unapozidi. Jioni inanyamaza ili nyumba zipate taa. Maji hubaki ya moto, kama chai kwenye termosi. Sawa, dada. Mimi si mtoto.

Jumanne, 10 Juni.
Wateja wawili tu! Mama Yvette alizunguka bafu lote akitafuta meko. Akaniuliza, ati Papa Grégoire, moto iko wapi, moshi iko wapi? Nikamweleza maji yamepikwa mchana. Akasema maji ya kulala ni ya kuosha sahani, hapana ya kuogesha mutu muzima. Akaenda kwa Pélagie, anayechemsha maji ya kuoga kwa kuni ng'ambo ya njia! Masizi hadi kwenye nyusi, na watu wanapanga foleni. Aibu.

Jumatano, 11 Juni.
Wanataka moshi? Nimewapa moshi. Nimewasha nyasi mbichi nyuma ya tanki. Moshi mzito, wa kupendeza. Majirani wakaja mbio na ndoo kuuzima. Ndoo wakajazia wapi? Kwenye tanki langu! Maji ya moto yote yakaishia kwenye nyasi. Pélagie alimwaga ndoo nyingi kuliko wote. Hakuna aliyeomba radhi.

Ijumaa, 13 Juni.
Shamirah kaenda Ruti kwa dada yake. Vizuri. Mashine ikinguruma jioni, wateja watasikia wenyewe kwamba maji yanapikwa. Nikageuza swichi. Ilinguruma! Watu wakaja, Mama Yvette mbele, taulo begani. Ghafla Kashojwa nzima giza. Kinanda cha kwaya ya Mchungaji Bienvenu kikakatika. Kipaza sauti cha msikiti nacho kimya. Wakristo na Waislamu hawajawahi kukubaliana upesi hivyo: ni mimi. Hivi kinanda kinamwosha mtu jasho la shamba?

Jumapili, 15 Juni.
Kamati imeninyang'anya funguo. Imempa Pélagie! Naye kaweka meko mlangoni, anapikia uji wake hapo, basi. Watu wanaona moto, wanaoga maji ya mchana, wanasifu kwamba maji ya kuni yana utamu wake. Huo ni udanganyifu! Nimewaambia. Wamecheka. Shamirah naye anampongeza, eti mashine imetulia jioni nzima na taa hazikuyumba.

Nimefikiri sana. Kosa si langu. Mashine yao ni ndogo. Kesho nakwenda Mbarara kwa Kasim wa vyuma chakavu. Ana moja iliyotolewa kiwandani, kubwa mara mbili. Nitafungua bafu langu, na nitaiwasha jioni. Umeme nitauvuta kanisani, wakati wa kwaya. Wakiimba wale, hawasikii kitu.