Sajenti Katikati ya Ruzizi

Jumatatu, 6 Aprili 1964. Kalundu.
Nimeamua! Ukuta wa hoteli ya Mama Charlotte ni wangu. Anataka mto Ruzizi uchorwe chumba cha kulia, ukuta mzima, na atakayemletea picha bora ya mfano Jumapili ndiye atakayepewa kazi. Tuko wawili tu: mimi na Donatien. Donatien! Mtu anayenakili kalenda akiwa amekaa kitandani. Mimi nitachora mtoni kwenyewe. Nimepata ubao, na nimekusanya mabaki ya rangi za mitumbwi: nyeupe, kijani, kahawia, buluu kidogo. Lazima nishinde. Tangu uvumi wa waasi uanze, hakuna anayeniita tena kuandika jina kwenye mtumbwi wake, na mjomba Cyprien wa Katogota ameshanitengea jembe. Amesema nikikosa ukuta huu, niache kuchezea rangi, nikalime.

Jumanne, 7 Aprili.
Nimefika mapema pale Ruzizi inapoingia ziwani. Mpango wangu: nianze na anga, maana halina miguu ya kunikimbia. Kosa! Nilipomaliza kuchanganya nyeupe, anga lilikuwa limeshageuka kijivu. Nilipomaliza kijivu, juu ya milima kulikuwa kweusi kabisa. Halafu nikaiona mvua yenyewe ikija kutoka upande wa Katogota, imesimama wima, inatembea bondeni, na huku kwangu jua linawaka! Nilibaki mdomo wazi. Mto ukageuka mwekundu mbele ya macho yangu. Ukaanza kubeba visiwa vya mafunjo, na ndege weupe wamesimama juu yake kama abiria. Maji mekundu yalipofika ziwani yalikataa kuchanganyika na ya buluu. Yalisukumana tu. Mungu wangu! Nililia kidogo.
Sikuchora kitu. Ubao umelowa, nami nimelowa. Donatien alinikuta njiani, akauliza kama nimetoka kubatizwa.

Jumatano, 8 Aprili.
Nimechora! Maji, kingo, matete, kivuko, na wingu moja zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Kumbe nyuma yangu wamesimama askari. Sajenti wao, mtu mnene mwenye sharubu, akaelekeza kidole kwenye kivuko: "Hii iko ramani ya nani?"
Ramani! Nilimwambia ni picha. Akasema waasi ndio wanaotaka kujua kivuko kiko wapi, na wachora ramani wana mahali pao pa kulala, penye kufuli. Akili ikafanya kazi haraka. Nikamwambia ni picha yake yeye, nilikuwa nimebakiza yeye tu. Basi akakaa kwenye jiwe, akavuta tumbo ndani. Nimemchora katikati ya mto, juu ya kivuko, mkubwa kuliko milima, na kofia yake nyekundu niliyoiazimia rangi kwenye matofali yaliyosagwa. Wingu langu limekwisha chini ya bega lake. Lakini niko huru! Nikamwambia picha itatundikwa hotelini. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Ijumaa, 10 Aprili.
Nilimwonyesha Mama Charlotte mapema, ili nimzidi Donatien mbio. Alipiga yowe. Askari ukutani kwake, wakati huu? "Weye Thaddée, waasi wakishuka huko milimani, unataka wachome nyumba yangu?" Ameniambia nimwondoe yule mtu, kama sivyo nisirudi. Mto wenyewe ameusifu. Amesema maji yanatembea! Nimerudia maneno hayo njia nzima.

Jumamosi, 11 Aprili.
Suluhisho: kiboko. Umbo linalingana, kazi ni ndogo. Nilirudi mtoni kuangalia kiboko halisi, na alijitokeza karibu nami kabisa. Maji yalipasuka, pumzi yake ikanipiga usoni, vitone vikabaki hewani vikiwaka jua. Aliniangalia kama mwenye nyumba. Sikuweza kukimbia, wala sikutaka. Sijawahi kujiona mdogo hivyo, na sijawahi kufurahi hivyo.
Jioni nilimfunika sajenti kwa rangi ya kahawia. Iliisha nilipofika kwenye sharubu. Si kitu. Kwa mbali, ile kofia itaonekana kama ndege ametua.

Jumapili, 12 Aprili.
Mama Charlotte alifurahia kiboko. Alishaanza kunionyesha ukuta! Ndipo sajenti akaingia kutoka misani, amepiga pasi nguo, ameleta kikosi kizima waje wamwone. Askari mmoja akasema kwamba kofia inafanana. Mwingine akasema na sharubu pia. Kisha wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.
Nilitorokea dirisha la jikoni. Ukuta amepewa Donatien. Badala ya Ruzizi, atachora ziwa la kalenda, lenye barafu!

Jumanne, 14 Aprili. Katogota.
Mjomba hakunigombeza. Alinipa jembe jipya na kipande cha shamba kwenye mwinuko, akasema mihogo haiogopi sajenti. Nimelia kwa aibu, nimeapa mbele yake kwamba rangi basi.
Kisha nikapanda mwinuko hadi shambani. Kumbe kutoka hapo Ruzizi inaonekana yote! Inapinda, inapotea kwenye matete, inatokea tena ikiwaka, na juu yake mvua mbili tofauti, moja inakwenda upande wa Mutarule, nyingine inarudi. Sikujua dunia ni kubwa hivi.
Kule chini alikuwa anapita mchuuzi mwenye kopo la rangi ya buluu, limejaa. Alikataa kila kitu nilichonacho isipokuwa jembe. Mjomba ataelewa akiona picha.