Nyuma ya Daftari la Joto

Jumatatu, 9 Novemba

Nimehesabu tena. Kumi na moja. Nikianzia mlangoni, kumi na moja. Nikianzia jukwaani, kumi na moja. Mara moja nilipata kumi, nikafurahi, kumbe nilijisahau mwenyewe.

Barua ya baraza la mji inasema kumi. Shangazi, kiongozi wetu, kaisoma mara mbili kwa sauti, barakoa imemshuka kidevuni kwa hasira. Baada ya miezi saba ya kufungiwa kwa sababu ya ugonjwa, Jumapili ukumbi unafunguliwa, ila ndani wasizidi watu kumi. Watazamaji wabaki makwao. Na kikundi chetu cha maigizo ni watu kumi na moja! Shangazi kasema jibu atatoa Ijumaa, na kabla ya hapo mtu asimsogelee na maswali, kichwa chake si kapu.

Wa kumi na moja ni mimi au Betri. Nimechunguza.

Kazi yangu ni ya shimoni, chini ya ukingo wa mbele wa jukwaa. Naketi humo nawanong'oneza waliosahau maneno. Igizo zima ninalo kichwani, la kusikia tu, maana shule niliishia la nne. Wananiita Panya. Sikasiriki. Huko nje nina kigugumizi, nikiulizwa saa naangalia viatu vyangu. Shimoni hakuna anayeniona, na maneno yanatoka kama maji ya bomba. Sina mahali pengine pa namna hiyo duniani.

Sasa Shangazi kageuza igizo. Tutafungua lile lango la nyuma la kuingizia mapambo. Ng'ambo ya uwanja kuna jengo la ghorofa nne, watu watatazama kutoka kwenye varanda zao. Akili kubwa! Ila mbele imekuwa nyuma na nyuma imekuwa mbele. Shimo langu liko nyuma! Leo nimenong'ona mazoezi mazima, nimevinong'oneza visigino.

Betri yeye ni fundi wa vipaza sauti. Tunamwita hivyo kwa sababu kitu chochote kikigoma, yeye husema ni betri. Leo kaja na kidude kidogo cha sikioni, kamvalisha mwigizaji wetu mkuu. Nilitaka kuuliza ni cha nini. Nikaangalia viatu. Lakini nimeelewa. Kidude kikiweza kunong'ona, Panya wa nini?

Shangazi kanipa kazi ya mlangoni: kipimajoto kile cha kama bastola, na daftari. Sijui kanipa kwa sababu sina kazi, au ili nisikose kazi. Mbele ya daftari naandika joto la watu. Nyuma naandika haya. Naandika polepole, na siwezi kuandika neno bila kulitamka. Mwalimu alinichapa sana kwa hilo. Hakufaulu.

Jumanne, 10 Novemba

Nimegundua kitu. Kipimajoto hakipimi ugonjwa, kinapima paji la uso! Jana mpiga ngoma alikuja mbio juani, 37.9. Akakaa kivulini, 36.5. Mtu yuleyule.

Mpango: Betri asimame juani robo saa. Kipimajoto kilie. Arudishwe kwao siku kumi na nne. Tubaki kumi.

Nimechora mstari wa chaki nje ya mlango, palepale jua linapochoma, nikaandika SIMAMA HAPA. Betri kaja wa kwanza. Kabeba kreti la nyaya kichwani! Kivuli chake mwenyewe! Amesimama pale anapiga mluzi. 36.2. Nikampima tena. 36.1.

Wakati nashangaa, nyuma yake akafika Mheshimiwa. Ndiye huyo mwigizaji mkuu. Miaka thelathini anaigiza wafalme tu. Ukumbi ulipofungwa aliuza mayai pale kona, na mteja akiomba trei alimjibu, nenda kwa amani ewe mwananchi. Kichwa chake hakina hata unywele, kinang'aa kama kijiko. Kauona mstari, kaupenda, kasimama kidevu juu akisubiri kuhudumiwa. Nikamsahau.

38.8! Kipimajoto kikapiga kelele, taa nyekundu, kila mtu kageuka. Malkia, yaani mama anayeigiza malkia, kakimbia hadi kona ya pili na cherehani yake mkononi. Shangazi kamwamuru Mheshimiwa apitie zahanati akapimwe, kisha nyumbani moja kwa moja. Kaondoka akituaga kwa maneno ya kifo cha mfalme, yote. Nililazimika kumnong'oneza mistari miwili.

Tuko kumi! Nimehesabu mara tatu. Kumi kamili.

Baadaye nimeona kwamba kumi hao hawana mfalme.

Jumatano, 11 Novemba

Shangazi kasema mtu mmoja tu ndiye anayejua maneno ya mfalme. Wote wakageuka kunitazama. Nikatazama nyuma yangu. Ukuta.

Kaniita mwanangu. Kasema baba yangu angekuwa hai angelia kwa furaha. Wakanivika joho. Linaishia magotini, maana Malkia alilikata miezi ile kushona barakoa, sasa nusu ya mtaa wamevaa mfalme puani.

Nikasimama kwenye lango, uso kwa jengo. Ghorofa ya tatu mama mmoja alikuwa anaanika mashati. Akanitazama. Yeye na mashati yake, basi. Maneno yote yakahama. Nikasema m-m-m-m mpaka mtoto wa ghorofa ya pili akamwuliza mama yake kama yule ni ng'ombe.

Sikumbuki nilifikaje shimoni.

Shangazi alikuja akaketi ukingoni, miguu inaning'inia usoni kwangu. Kisha kasema hanilaumu. Kasema baraza la mji limeshaombwa ukumbi huu mara mbili na watu wa kuhifadhi saruji, na Jumapili kusipokuwa na igizo, watapewa wao. Saruji! Humu shimoni wataweka nini, mifuko ishirini?

Sikulijua hilo. Ningelijua ningechora mstari mfupi zaidi.

Alhamisi, 12 Novemba

Mpango wa kumrudisha Mheshimiwa. Kama jua linapandisha, baridi inashusha. Nimemtumia ujumbe kwa mkewe: aje asubuhi, chupa ya maji ya barafu kwenye paji la uso, chini ya kofia, asiitoe njiani.

Ni mtu mtiifu. Hakuitoa.

31.7.

Shangazi kanyang'anya kipimajoto, kampima mwenyewe. 31.5. Malkia kauliza kama hii ni homa mpya. Mkewe Mheshimiwa kauliza kwa ukali, kwa hiyo mume wangu yu hai au hayu hai, nijue moja. Mheshimiwa kajibu kwamba yeye mwenyewe hana hakika. Mpiga ngoma kasema Jumanne aliiva, leo amepoa, labda wampakue.

Betri ndiye aliyekuja kukichukua kipimajoto. Kakigeuza, kakitikisa, kasema ni betri. Kaweka mpya. Kampa Mheshimiwa kiti kivulini, kakaa naye dakika kumi, kapima: 36.6. Na cheti cha zahanati nacho kimesema hana kitu. Karudi kundini! Vigelegele!

Lakini Betri kautazama mstari wangu wa chaki. Kalitazama jua. Kanitazama mimi. Kaufuta mstari kwa kiatu, karudi kwenye nyaya zake. Sijaelewa. Mtu anayekujua na hasemi anakuwekea akiba.

Tumerudi kumi na moja.

Ijumaa, 13 Novemba

Shangazi kasoma majina. Nimehesabu kwa vidole ndani ya mfuko. Mheshimiwa, Malkia, mpiga ngoma, Betri, wengine wote. Vidole vikaisha. Langu halimo.

Nikaanza kutoka. Kipimajoto bado ninacho mkononi, sikukumbuka kukiacha.

Shangazi kauliza, unakwenda wapi wewe bwege. Kasema shimo si ukumbi. Lina mlango wake wa nje na ukuta wake, kwenye ramani ya baraza limeandikwa stoo. Bwana afya kakubali, yule mkaguzi mkali wa afya wa mtaa. Ndani ni kumi. Mimi niko chini.

Na aliyekwenda kwa bwana afya ni nani? Betri! Tangu Jumatatu! Kalipima shimo kwa futi, kachora, kapeleka. Na kile kidude cha sikioni ni cha kupokea sauti yangu. Kanishushia kipaza sauti shimoni kwa waya. Kaniambia kidude hakina maneno, Panya, maneno unayo wewe, ulidhani kitanong'ona chenyewe?

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Kwa nini anitendee wema? Mtu hamfugi panya bure.

Halafu Shangazi kaongeza, kama mtu anayetaja mvua, kwamba bwana afya atakuja Jumapili kulichukua daftari la joto, akalisome kwake ukurasa kwa ukurasa.

Daftari hili!

Nimejaribu kung'oa kurasa za nyuma. Limeshonwa katikati. Ukichomoa ya nyuma, ya mbele inaifuata. Jumatatu nzima ya joto imenibaki mkononi. Nimeirudisha kwa gundi. Imekaa kichwa chini.

Jumamosi, 14 Novemba

Mazoezi na kipaza sauti. Nikinong'ona huku chini, Mheshimiwa anatamka kule juu. Neno kwa neno! Hachuji. Mjusi aliniangukia shingoni nikasema mjusi, na Mheshimiwa akamshika Malkia mikono yote miwili, akamwambia kwa uchungu mkubwa: mjusi. Malkia ni mzoefu, akalia.

Betri kanionyesha swichi. Upande mmoja inafunga, upande mwingine inafungua. Kasema niifunge kila nisiponong'oneza, la sivyo hata nikipiga chafya mfalme atapiga chafya. Ili nisisahau nikaandika mkononi: juu ni nini, chini ni nini.

Kisha nikanawa mikono. Siku hizi tunanawa mara ishirini, nani angekumbuka?

Nadhani chini inafunga.

Jumapili, 15 Novemba

Naandika shimoni, igizo linaendelea juu yangu. Varanda zote nne zimejaa! Nawaona kwa ufa, kupitia miguu ya Mheshimiwa. Barakoa za joho la mfalme kila ghorofa. Mama wa mashati kaanua mashati yake yote ili aone vizuri.

Nusu ya kwanza imekwenda kama maji. Nanong'ona mimi huku gizani, na sauti inatoka kinywani mwa Mheshimiwa inafika ghorofa ya nne. Sijashikwa na kigugumizi hata mara moja. Mtu mmoja huko juu alilia, nilimsikia. Alilia kwa maneno niliyomtumia mimi.

Sasa Malkia ana maneno marefu, na hajawahi kuyasahau. Mheshimiwa amesimama tu, hana la kusema. Swichi aliifungua Betri mwenyewe kabla ya igizo; sasa nimeisukuma chini, ni ngumu, haikusogea sana. Nina nafasi.

Bwana afya amefika. Naona viatu vyake. Yuko na Shangazi pale mlango mdogo wa shimo, anataka daftari.

Ajabu. Mheshimiwa kaingilia maneno ya Malkia. Kasema, bwana afya amefika. Ni kweli, lakini kajuaje? Uso wake uko uwanjani! Kaongeza, anataka daftari. Varanda zinacheka.

Tulia, Panya. Fikiri. Bwana afya akifungua nyuma atasoma kwamba nilimsimamisha Mheshimiwa juani, na ile chupa ya barafu.

Kasema! Mheshimiwa kasema mwenyewe, kwa sauti ya kifalme, mkono kifuani: nilimsimamisha Mheshimiwa juani! Na ile chupa ya barafu! Ghorofa ya pili wanapiga sufuria. Nani kamwambia? Haya hayapo popote ila humu. Basi daftari langu limesomwa. Ni Betri! Kanisoma, kamwambia! Nilijua wema ule una mguu wa nyuma!

Betri huyo, kainama ukingoni kichwa chini, ananionyesha kidole: juu, juu, juu. Anamaanisha nini? Mbinguni? Ananidhihaki. Nimemwonyesha ngumi.

Mheshimiwa kasema, ananidhihaki. Kwa uchungu mkubwa. Jengo zima limesimama, linapiga makofi. Hata mfalme kwenye igizo hili hajawahi kupigiwa hivi. Malkia analia, mzoefu yule.

Viatu vya bwana afya vimegeuka huku. Shangazi anagonga mlango mdogo, ananiita jina langu kamili, ambalo hulitaja kwenye misiba tu.

Mpango upo. Daftari liingie ndani ya shati. Ninunue jipya pale kona, joto la watu wote niliandike upya, ninalo kichwani. Nitaanza na Betri. Betri 38.8. Kila siku.

Mheshimiwa kataja 38.8 na watu wanaangua kicheko. Sielewi kinachochekesha.

Lazima niondoke sasa, maana kitasa kinazunguka na njia iliyobaki ni moja tu, juu, kupitia jukwaani. Naondoka.

Mheshimiwa naye anasema anaondoka. Anakwenda wapi huyu, igizo halijaisha?