Tovuti Iliyotaka Kuamkiwa

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Moshi Mjini, Moshi Vijijini, na wale wa mpakani wasiojua wako upande gani, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 7 Juni 2004 hakuna atakayehangaika tena kutafuta taarifa. Taarifa zote zimeshapangiwa mahali pa kukaa.

Tangazo hilo lilibandikwa getini, na aliyelitunga, Bwana Valerian Basili, alitoka hadi barabarani akalisoma mara tatu ili alione kama mwananchi anavyoliona. Aliridhika. Yeye ndiye Mratibu Mkuu wa Idara ya Njia za Taarifa, idara changa yenye watumishi wawili, kompyuta tatu na mihuri minne. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akiijengea ofisi yake tovuti, na leo ilikuwa inafunguliwa rasmi.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ya aibu. Mtu akitaka kujua fomu ya kiwanja inachukuliwa wapi, au cheti cha kuzaliwa kinadai viambatisho gani, alikwenda chini ya ngazi kwa Bi. Rukia, muuza chai. Aliagiza kikombe cha maziwa na chapati, akauliza, akajibiwa. Jambo zima lilichukua muda wa chapati moja. Hakukuwa na jalada, muhuri wala saini kuonyesha kwamba mwananchi amehudumiwa, kwa hiyo kitakwimu hakuhudumiwa.

"Wanasema kuuliza si ujinga," Valerian alimwambia Pamela, mtaalamu wa kompyuta na mtumishi wa pili wa idara. "Sawa, si ujinga. Lakini ni kukwepa mfumo."

"Sawa bosi," alisema Pamela, ambaye alishagundua kwamba jibu hilo hufupisha vikao.

Mfumo wenyewe haukuzuka tu. Ilifanyika semina ya siku mbili. Mtaalamu aliletwa kutoka Dar, akagawa kadi mia moja na ishirini, kila kadi ikiwa na jambo moja ambalo watu hulitafuta: mpaka wa shamba, leseni ya duka, kibali cha mazishi, zamu ya maji ya mfereji. Akawaomba wakuu wa idara wazipange kadi hizo mezani kwa mafungu, jinsi mwananchi angetarajia kuzikuta. Wakuu wa idara walizipanga kwa vyeo. Kadi za Mkurugenzi zilikaa juu, za wasaidizi wake zikafuata, na kadhalika hadi ukingoni mwa meza, ambako kibali cha mazishi kilianguka na hakikuonekana tena. Mtaalamu akauliza, kwa upole, mwananchi yuko wapi katika mpangilio huo. Wakamtazama kwa huruma, wakamweleza kwamba mwananchi hana cheo.

Basi tovuti ikawa na milango tisa. Wa kwanza ulikuwa wa salamu, na huu Valerian aliubuni mwenyewe, kwa kuwa haikumwingia akilini mtu kuingia ofisi ya serikali kama anaingia kilabuni. Ilitokea picha ya Mkurugenzi akiwa na suti, na chini yake kitufe kilichoandikwa "Shikamoo". Ukibonyeza, tovuti inajibu: "Marahaba. Endelea." Asiyebonyeza haendelei. Mlango wa pili ulikuwa Dira, wa tatu Wasifu wa Mkurugenzi tangu shule ya msingi. Saa saba mchana tovuti ilifungwa kwa ajili ya chakula, ikafunguliwa saa nane, na saa tisa na nusu ikafunga hadi kesho yake, maana nayo ni mtumishi wa umma.

Pamela alikuwa ameomba kiwekwe kisanduku cha kutafutia.

"Mtu aandike tu anachokitaka, bosi. Kwa maneno yake."

"Maneno yake," alisema Valerian, "ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Hata hivyo yeye si mtu mkaidi. Kisanduku kiliwekwa mlango wa nne, na maelekezo yake: Andika namba ya jalada la taarifa unayoitafuta. Namba za majalada zilipatikana mlango wa saba.

Wiki ya kwanza kompyuta ya wananchi iliwekwa mapokezi, na wa kwanza kuikalia alikuwa Mzee Filemon wa Mwika, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, koti la sufu na fimbo ya mtini. Valerian alimfahamu vizuri, mashamba yao yanapakana. Akaja mwenyewe kumwelekeza.

"Shikamoo, mzee. Sasa na wewe bonyeza hapo, umwamkie."

"Nimwamkie nani?"

"Tovuti."

Mzee Filemon akaisogelea ile picha. "Huyu si kijana wa Ronald? Nilimtoa kwenye mfereji akiwa na miaka sita, hana suruali. Yeye ndiye aniamkie mimi."

"Tovuti haiamkii, mzee. Inaamkiwa."

"Basi haikulelewa," alisema Mzee Filemon, akainuka.

Akaelekea chini ya ngazi. Baada ya muda wa chapati moja akapita tena mapokezi, karatasi kadhaa zikichungulia kwenye mfuko wa koti, akavua kofia kumuaga Valerian kwa heshima zote. Valerian akajaza ripoti: mtumiaji mmoja, amekataa salamu, ameondoka bila huduma. Alichokuwa anakitafuta mzee hakikuandikwa, kwa sababu ripoti haikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo.

Lakini zile karatasi zilimsumbua. Akashuka kufanya uchunguzi, akamkuta Bi. Rukia akikanda unga, na pembeni ya jiko daftari kubwa la kurasa mia mbili, limevimba kwa fomu, nakala na bahasha.

"Hiki ni nini?"

"Daftari."

"Nani amekupa mamlaka ya kuwa na taarifa?"

"Watu wanaacha," alisema Bi. Rukia. "Mtu akipata fomu anachukua mbili, moja ananiachia, mwenzake akija asihangaike. Kwani kosa langu ni kujua?"

"Kosa lako ni kujua bila mpangilio."

"Mpangilio upo." Akajifuta mikono kwenye kanga, akafungua. Kila baada ya kurasa kadhaa kulikuwa na kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu: Mtu amefiwa. Mtu amepata mtoto. Mtu anataka kujenga. Jirani amesogeza mpaka. Barabara imekuja kwetu.

Valerian alivisoma vyote. "Haya si majina ya idara."

"Si majina ya idara, baba. Ni shida za watu."

Siku hiyo hiyo alimwandikia barua yenye muhuri. Ilisema kwamba chanzo cha taarifa kisicho na mamlaka kimegunduliwa chini ya ngazi, na kwamba mhusika anapewa siku thelathini kuondoka na jiko lake. Bi. Rukia aliisoma, akaikunja, akaichomeka kwenye daftari. Katika siku zilizofuata alipanda ghorofani mara mbili kutaka kuonana na Mratibu Mkuu. Valerian alidhani anakuja kuomba huruma.

Mambo yakawa yanakwenda. Ripoti ya mwezi ilionyesha tovuti imetembelewa mara mia nne na kumi na mbili, na ni mara tatu tu ambapo mtembeleaji hakuwa Valerian mwenyewe akiangalia kama inafanya kazi.

Ijumaa tarehe 9 Julai, saa saba kasoro dakika kumi, simu yake ya mkononi ililia. Alikuwa mama yake, Mama Margareta, kutoka Mwika.

"Valeri, wameandika X kwenye kaburi la baba yako."

"Nani?"

"Watu wa barabara. Rangi nyekundu, juu ya vigae. Wanasema tangazo lilitoka mwezi uliopita na mwisho wa kupinga ni leo. Wenzetu wote walishapeleka fomu."

"Sasa mama, kwa nini wewe hukupeleka?"

"Waliniuliza. Nikawaambia mimi nina mtoto wangu ofisini kule. Kungekuwa na kitu, angeniambia."

Valerian alikata simu. Tangazo alikuwa nalo. Aliliweka kwa mikono yake, mlango wa tisa, Kiambatisho Na. 7, likiwa na fomu yake. Hakulisoma, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzipanga taarifa na si kuzisoma. Aliogopa. Ilikuwa hofu ya mtoto aliyepoteza ng'ombe wa watu. Baba yake alizikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo alilolirithi kwa babu, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na isale, mimea ya kuonyesha mpaka, ndiye aliyezichomeka ardhini.

Akakimbilia kompyuta. Shikamoo. Marahaba. Endelea. Akapita Dira. Alikuwa kwenye Wasifu wa Mkurugenzi, darasa la nne, pale maandishi yalipotokea: Tovuti iko mapumzikoni. Karibu saa nane.

"Pamela, ifungue."

"Inataka neno la siri, bosi. Ulisema ulitunze wewe."

"Nimelitunza. Liko mlango wa nane."

Pamela akatazama chini. "Sawa bosi," alisema.

Valerian akaenda kuliulizia jalada lenyewe masijala, akaambiwa tangu tarehe 7 Juni nakala zote za fomu zimeondolewa kwa agizo la Mratibu Mkuu, zinapatikana kwenye tovuti. Saa nane akaanza upya. Mlango wa nne ukataka namba ya jalada. Aliandika "barabara", ikakataa. Aliandika "kaburi", ikamrudisha kwenye salamu. Alimwamkia Mkurugenzi mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Mkurugenzi aliitikia kwa tabasamu lile lile. Ilipofika saa tisa kasoro dakika tano, Valerian akateremka ngazi.

Bi. Rukia alikuwa anasuuza vikombe. "Karibu chai."

"Nahitaji Fomu ya Pingamizi la Utwaaji wa Ardhi kwa Matumizi ya Umma, toleo lililorekebishwa, kwa mujibu wa..."

"Valerian," alisema Bi. Rukia. "Umepatwa na nini?"

Mratibu Mkuu akafungua mdomo, na cheo chote kikamtoka. "Barabara inapita kwenye kaburi la baba."

Bi. Rukia akaweka kikombe chini. Akafungua daftari palipoandikwa Barabara imekuja kwetu, akatoa fomu moja. "Mzee Filemon alichukua za majirani wote, hii akaiacha. Alisema mama yako hataki, ana mtu wake ofisini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipanda mara mbili. Ya kwanza ulisema nitumie tovuti. Ya pili ulikuwa mapumzikoni, wewe na hiyo tovuti." Akamsogezea kalamu. "Saini hapa, panaposema mwakilishi wa familia. Usipitie mapokezi. Zunguka dirisha la nyuma, Sirili, karani wa kupokea pingamizi, anafunga daftari lake saa tisa na nusu, na leo Ijumaa anafunga mapema."

Sirili aligonga muhuri saa tisa na dakika kumi na mbili, mkono mwingine ukiwa umeshika kofia ya kuondokea. Pingamizi likishapokelewa, kigingi cha barabara hakisogei hadi familia isikilizwe. Jioni ile Mama Margareta aliifuta ile X kwa kitambaa na mafuta ya taa, na mwanawe akamshikia taa.

Jumatatu asubuhi Valerian aliteremka kutoka mlimani na jani la isale limefungwa fundo. Kwa Wachagga, aliyekosa akija na jani hilo, aliyekosewa hana pa kutokea, husamehe tu. Bi. Rukia hakuwa Mchagga, lakini alizaliwa Moshi na hakuhitaji kuelezwa. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kikombe chenye maji.

"Nimekuja kuchukua na ile barua," alisema Valerian. "Niichane."

"Ipo. Tafuta."

Akapekua. Haikuwa kwenye Mtu anahama, wala kwenye Mtu ameonewa. Aliikuta karibu na mwisho, chini ya kichwa cha habari kilichoandikwa: Watakaorudi. Haikuwa peke yake. Palikuwa na barua nyingine tatu za kumtaka aondoke chini ya ngazi, za miaka mbalimbali, kila moja na muhuri wake, na ya juu kabisa ilikuwa na saini ya Mkurugenzi enzi akiwa karani.

"Huyu naye alirudi?"

"Alitaka kuoa. Alikuwa hajui fomu inachukuliwa wapi."

Valerian alirudisha barua zote mahali pake, pamoja na yake, maana hata yeye aliona kwamba zimepangwa vizuri. Kisha akakumbuka jambo. Alikuwa amefanya kazi juu ya kichwa cha mama huyu kwa miaka saba.

"Shikamoo, Bi. Rukia."

"Marahaba," alisema Bi. Rukia, akamwonyesha kwa mwiko mwisho wa foleni. "Endelea."