Mimi, Mama Hesabu na Kalenda ya Pamoja

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Jumamosi hema letu kubwa jeupe liliahidiwa harusi mbili. Bibi harusi mmoja alikaa juani hadi poda ikamtiririka shingoni. Leo Bosi katuita wote, mishipa imemtoka. Kasema kila mtu katika kampuni hii ya kukodisha mahema anaweka miadi ya wateja kichwani mwake, na vichwa vyenyewe havisalimiani. Anataka mfumo mmoja wa ofisi nzima: barua pepe, anwani za wateja na kalenda ya pamoja. Tena uwe wa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia na hata kuibadilisha bila kununua leseni. Mimi wa bohari na Mama Hesabu, mhasibu wetu, kila mmoja alete pendekezo Ijumaa.

Na kiti cha meneja kiko wazi tangu wa zamani astaafu. Mwenye macho haambiwi tazama!

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi kompyuta. Nimembembeleza, kaja. Kaanza kuuliza ofisi ina watu wangapi, nakala za akiba zitawekwa wapi, mfumo ukizimika nani atauwasha. Maswali ya kuchosha! Nimemwambia nataka wenye vitufe vingi kuliko wa Mama Hesabu. Katikisa kichwa, kaonya kwamba ng'ombe wa kupewa naye hula majani. Sijui ng'ombe kaingiaje hapa.

Mwishowe kautafuta mmoja, kauweka kwenye kompyuta zote za ofisi kwa majaribio. Kanisihi nisome maelezo ya kalenda kabla sijaigusa. Nimeapa. Maelezo yenyewe marefu kama safari ya kobe. Hayo ni ya watu wasio na kipaji.

Mama Hesabu naye kachagua mfumo wenye sura ya msiba, kijivu kitupu. Anazunguka meza kwa meza akiuliza watu wanahitaji nini. Kutafuta huruma tu!

Jumatano, 6 Machi
Kalenda tamu! Mikakati yangu yote nimeiandika humo, kwa rangi ya kijani. Saa tatu, kusifia shati la Bosi. Saa sita, kueneza kwamba mfumo wa Mama Hesabu una virusi. Kesho, kumpeleka mama yangu mzazi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ofisini niseme nakwenda kukagua hema.

Hili la mwisho linaniuma. Lakini nikiomba ruhusa wiki ya mashindano, watasema nimelegea. Asubuhi Mama kamimina chai kando ya kikombe, mezani. Kacheka, kaniomba radhi. Nikafuta meza, nikammiminia nyingine.

Ajabu! Saa tatu Bosi kashuka bohari, ambako hashuki kamwe. Kasimama mbele yangu, kajinyoosha kola. "Haya," kasema, "nakusikiliza." Nikalisifia shati. Kashukuru, kaondoka. Nyota yangu inang'aa! Saa sita, kabla sijafungua mdomo, dereva wa lori kaniuliza hivyo virusi ni vya mafua au vya tumbo.

Halafu Mama Hesabu kanivuta pembeni. "Kaka, kesho nenda na mama, ukae naye mpaka atoke. Hema nitalikagua mimi."

Kajulia wapi? Ni mbinu ya kuniondoa uwanjani! Nimekubali, lakini kwa sababu ya jicho tu.

Alhamisi, 7 Machi
Benchi la hospitali, gumu kama moyo wa mpangishaji. Mama alinishika mkono hadi mlangoni, hakutaka kuuachia. Wala mimi. Katoka na bandeji, mzima. Nilipomuuliza anaonaje, kajibu kwamba hata kwa jicho moja anaona nimekonda.

Ujumbe wa Mama Hesabu: Mama anaendeleaje? Hema lilikuwa na tundu, kalipeleka kushonwa. Nimeusoma na kuurudia nikitafuta mtego. Sijaupata bado.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Aibu ya mwaka! Nimesimama mbele ya wote, nimefungua kalenda ukutani kwa projekta. Shati la Bosi. Virusi. Yote, kwa kijani. Kumbe kalenda ya pamoja ni ya pamoja! Tangu Jumatano kila kompyuta inawakumbusha mikakati yangu kwa kengele. Dereva kacheka hadi kaenda kushika ukuta wa nje. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Hesabu hakucheka. Kasimama, kasema mfumo wangu ndio uchaguliwe. Hakuna aliyehitaji kusukumwa. Kila mtu aliufungua mwenyewe, hata mlinzi. Wake hakuna aliyeugusa. Bosi kakubali papo hapo.

Nimeshinda! Umeneja kapewa yeye. Mimi ni msaidizi wake.

Shemeji kwa simu kasema kuna mahali pa kuweka alama ya "binafsi" ili wengine wasione. Kaniuliza kama nimeelewa. Nimemwambia asinifundishe kazi.

Jumatatu, 11 Machi
Masikini Mama Hesabu, kamfuga chui sebuleni. Msaidizi leo, kesho je? Mkakati mpya: kumpelekea chai kila asubuhi mpaka anizoee, kisha nianze kusaini barua zake. Na safari hii niko makini. Mipango yote nimeitoa kwenye kijani nikaitia nyekundu. Nyekundu watu husimama.

Nilipoingia na chai, alikuwa ameshasogeza karatasi kukipisha kikombe. Kashukuru sana. Kaongeza kwamba hatumii sukari, na kwamba kalamu ya kusaini atanipa mwenyewe wakati ukifika.

Huyu mama ana mpelelezi! Kesho saa nne naanza kumsaka. Nimeshaandika kwenye kalenda, kwa nyekundu iliyokoza.