Kuhusu Tawi Lililoning'inia Juu ya Mlango Wako

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ofisi yako ikiwa bado na paa. Mimi ni yule msichana wa kidato cha pili ambaye baba yake amepewa kazi ya kuuondoa mti mkubwa uliouinamia mlango wako. Nalalamika kwa adabu zote nilizofundishwa hapa hapa shuleni, kwa hiyo zikipungua mahali, kosa si langu peke yangu.

Kwa kuwa Jumatano, tawi lilipokwama, ulikuwa ndani, naeleza kwanza kazi yenyewe. Shinani mwa mti tumefunga kipande cha bomba nene la chuma. Kamba inayobeba tawi hupita kwenye kapi juu ya mti, hurudi chini, kisha huzungushwa kwenye chuma hicho. Msuguano ndio hubeba uzito. Mshika kamba huiachia tu polepole. Mizunguko ikiwa michache, tawi hukimbia. Ikizidi, tawi hugoma. Nyumbani tunakiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna kinachopita mbele yake kwa haraka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulitangaza kwenye paredi kwamba nisishike kamba tena, kwa kuwa ni kazi ya wanaume wenye nguvu. Mjomba wangu ana kifua kama kabati. Kabla hatujampata Mama Mkwe, tawi moja lilimburuta hadi akalibusu shina, na jino lake moja lilibaki huko. Mama Mkwe haulizi nani ameshika kamba. Anauliza mizunguko mingapi.

2. Mwalimu wa fizikia alitufundisha msuguano kwa kibao na meza. Kibao kilikataa kuteleza, akatuambia tuchukulie kwamba kimeteleza. Darasa zima ni mimi tu niliyeuona msuguano wenyewe, nikaugusa, nikaungua kidole. Kuniondoa kwenye kamba ni sawa na kuifunga maabara.

3. Sasa Jumatano. Ni kweli baba alisema mizunguko miwili, nami nikaweka mitano. Nilikuwa na sababu: ulikuwa ndani. Baba akafoka kutoka juu, "Punguza, mama, punguza!" lakini mizunguko ilikuwa imeshapandana ikakwama, na mjomba akahitaji vipindi viwili kuikwamua. Vipindi hivyo vyote tawi lilining'inia juu ya mlango wako. Lakini Mwalimu, tawi halimuumizi mtu kwa kuning'inia. Wanafunzi saba waliokuwa kwenye foleni ya adhabu walirudi darasani kwa hiari yao, wakasoma. Mzazi aliyekuja kukufokea alitazama juu, akasema jambo lake si la haraka. Na wewe mwenyewe, kwa mujibu wa mlinzi aliyekuchungulia dirishani, ulimaliza kusahihisha mitihani ya muhula uliopita. Hakuna aliyenishukuru.

4. Uamuzi wa kuninyang'anya kamba uliniangukia mbele ya shule nzima bila hata mzunguko mmoja. Tawi la kilo mia mbili hushushwa taratibu lisije likavunja kigae. Mimi nina kilo arobaini na moja na nilidondoshwa hivi hivi. Naomba kuanzia sasa kila tangazo lako lizungushwe kwanza kwa mpishi, kwa mlinzi na kwa mkutubi, ili likitufikia liwe limeshachoka. Ripoti za muhula nazo zisipelekwe nyumbani moja kwa moja. Zizungushwe mara tano, hata zikikwama.

5. Hili ndilo kubwa. Jumamosi linashushwa tawi la mwisho, lile lililolala juu ya paa lako, na mgongo wa mjomba umegoma. Baba amesema ukikubali, kamba ni yangu. Ukikataa, atamwita jirani yetu, ambaye huweza kusinzia akiwa amesimama. Tawi likiachiwa vibaya, mti mzima hutikisika, na juu ya mti huo yuko baba yangu. Sina baba wa akiba.

Mshika kamba ana sheria moja: mikono miwili kwenye kamba, macho kwenye tawi, na asifanye jambo jingine lolote. Mizunguko naweza kukosea, nimeshakiri. Sheria hiyo sijawahi kuivunja, na ndiyo sababu naomba nirudishiwe kamba.

Wasalimie walimu wote, mpishi, mlinzi, na yule mzazi ikiwa jambo lake limeanza kuwa la haraka.

Kwa heshima na matumaini,
Mwanafunzi wako, mshika kamba aliyesimamishwa

Baada ya kutia sahihi: Naomba radhi kwa mwandiko. Baba ameona mawingu ya mvua, hakungoja Jumamosi, na mjomba ameniachia kamba kidogo akanyooshe mgongo, kwa hiyo ninaandika kwa mkono mmoja. Mizunguko ni mitatu, au minne; nilikuwa natafuta maneno ya kufungia barua. Anayekuletea barua hii ni dada mkuu wa shule, nami nimemwelekeza aingilie mlango wa nyuma. Tafadhali tokeni wote wawili kwa huo huo.